TV Ipo, Simu Haiioni: Kisa cha Vyumba Sita vya Mikutano

Kikao cha bodi kilipangwa kuanza saa nne kamili asubuhi. Hadi saa nne na dakika ishirini na tano wajumbe walikuwa bado wanaitazama TV ya inchi 75 iliyoandika jina lake kwa herufi kubwa na kutulia, huku mgeni aliyesafiri na ripoti yake akihangaika kurusha picha ya laptopu yake kwenye TV hiyo bila waya, asipate kitu. Mwishowe ripoti ilitumwa kwa barua pepe, ikachapishwa, na kikao kikaendeshwa kwa karatasi. Wiki iliyofuata niliitwa mimi, fundi wa mitandao.

Ofisi yenyewe iko katikati ya jiji la Dar es Salaam, ghorofa mbili za jengo moja, wafanyakazi wapatao 120, vyumba sita vya mikutano. Kwenye barua niliyopewa tatizo liliandikwa "intaneti ndogo", na tayari kulikuwa na pendekezo la kupandisha kifurushi cha mwezi. Lakini kabla sijakaa, katibu muhtasi wa mkurugenzi, mama wa makamo ambaye funguo za vyumba vyote ziko kwake, alinichukua hadi chumba cha bodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu njoo uangalie mwenyewe." Akawasha TV, akafungua simu yake, akanisogezea. Orodha ya skrini ilikuwa tupu. "TV ipo, naiona kwa macho yangu. Mbona simu haiioni?"

Sentensi hiyo ilitaja ugonjwa kwa usahihi kuliko barua niliyokuwa nayo mfukoni. Hakusema picha inakwama, wala hakusema mtandao ni mzito. Alisema simu haiioni. Kuona na kurusha ni kazi mbili tofauti, na idara nyingi za TEHAMA huzichanganya. Kwanza simu au laptopu inapaswa kujua kwamba kuna skrini mahali fulani. Baada ya hapo ndipo picha ianze kusafiri. Ofisi hii ilikuwa inakwama kwenye hatua ya kwanza, na hakuna kifurushi cha intaneti kinachoweza kuitibu, maana picha ya laptopu inayokwenda kwenye TV ya ukutani haitoki nje ya jengo hata kidogo.

Jambo lililowachanganya wote ni kwamba TV hizo zilishawahi kufanya kazi. Aliyeziuza alizifunga Jumamosi, akazijaribu moja baada ya nyingine mbele ya msimamizi wa TEHAMA, zote zikaitika. Nilimuuliza kijana huyo wa TEHAMA: jaribio lile lilifanyika kwenye waifai ipi? Akafikiri kidogo, akasema fundi alikuja na ruta yake ndogo mkobani. Aliichomeka, akaunganisha TV na simu yake kwenye ruta hiyo moja, akarusha video, akamaliza, akaondoka nayo. Sioni udanganyifu hapo. Alizijaribu TV, na TV zilikuwa nzima. Mtandao wa ofisi ndio ambao hakuna aliyeujaribu.

Na mtandao wa ofisi ulikuwa umejengwa vizuri, hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu lawama zilikuwa zimeanza kumwelekea aliyeujenga. Aliugawa katika VLAN tatu, yaani mitandao iliyotenganishwa juu ya waya na swichi zilezile: wafanyakazi, wageni, na vifaa. Kwenye vifaa kulikuwa na printa, kamera za ulinzi, na sasa TV. Kati ya mitandao hiyo kulikuwa na faiawoli, mlinzi wa getini, inayoruhusu wafanyakazi kuzifikia printa na kukataa karibu kila kitu kingine. Ofisi inayolipa mishahara na kutunza mikataba inapaswa kuwa hivyo.

Tatizo ni kwamba teknolojia za kurusha skrini zilizaliwa sebuleni. AirPlay ya Apple ilikuja mwaka 2010, Miracast mwaka 2012, Chromecast ya Google mwaka 2013, na zote zilimfikiria mtu mwenye nyumba moja, waifai moja, TV moja. AirPlay na Chromecast hutafutana kwa njia inayoitwa mDNS. Simu haina kitabu cha anwani. Inasimama uani na kupaza sauti: nani hapa ni TV? Sauti hiyo hutumwa kwenye anwani ya pamoja 224.0.0.251, poti (mlango wenye namba) 5353 ya UDP, na kila kilicho kwenye mtandao huo huo huisikia. TV ikisikia, hujibu kwa jina na anwani yake. Ila anwani za kundi hilo zimewekewa sharti kwamba ruta haizivushi kwenda mtandao mwingine. Kwa hiyo simu iliyo kwenye VLAN ya wafanyakazi inaweza kuita mpaka jioni, na TV iliyo kwenye VLAN ya vifaa, mita mbili mbele yake, haitasikia neno.

Nilifungua Wireshark, programu inayoonyesha kila ujumbe unaopita mtandaoni, kwenye laptopu yangu, nikamwomba yule mama abonyeze tena alama ya kurusha, nikamgeuzia kioo aone. Swali la kwanza likatoka. Sekunde moja baadaye la pili. Kisha pengo likaongezeka, na likaongezeka tena, kama mtu anayebisha hodi na kuanza kukata tamaa. Hakuna jibu hata moja. Aliitazama ile mistari kimya, halafu akasema, "Kumbe inaita." Ndiyo mama, inaita.

Kwa wageni hali ilikuwa ngumu zaidi. Waifai ya wageni ilikuwa imewekewa kizuizi kinachomfanya kila mgeni awe peke yake: kifaa kinaona njia ya kwenda intaneti tu, hakimwoni jirani. Ni kizuizi kizuri, maana humjui mgeni amekuja na virusi gani. Lakini maana yake ni kwamba hata TV ingehamishiwa huko, laptopu ya mgeni wa bodi isingeiona.

Ushauri uliokuwa mezani kabla yangu ulikuwa kufuta mgawanyo wote, kila kitu kiwe mtandao mmoja kama kwenye ruta ya yule fundi. Niliukataa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni usalama, na haihitaji maelezo. Ya pili watu wengi hawaifahamu: kwenye waifai, ujumbe unaotumwa kwa wote husafiri kwa kasi ya chini kabisa iliyoruhusiwa, ili hata kifaa kilicho mbali kiusikie. Kwenye gigahezi 2.4 kasi hiyo inaweza kuwa megabiti 1 kwa sekunde. Weka watu 120 na simu zao, laptopu zao, printa na kamera kwenye uwanja mmoja, kila kimoja kikipaza sauti, na hewa itajaa miito hadi mazungumzo yenyewe yakose nafasi. Ungeondoa ugonjwa wa TV na kuleta ugonjwa wa ofisi nzima.

Kabla ya kugusa swichi yoyote ya mtandao nilitumia siku nzima kukaa vyumbani. Kama kuna kitu kimoja ningependa mafundi wenzangu wakizingatie katika kisa hiki, ni siku hiyo. Niliandika nani anaingia chumba gani na ameshika nini. Wakurugenzi wengi wana iPhone. Wafanyakazi wana laptopu za Windows na simu za Android. Wageni wa bodi huja na chochote. Halafu nikaangalia ukutani: chumba cha bodi kina Apple TV, kisanduku cha Apple kilichounganishwa na TV, vyumba vinne vina TV zenye teknolojia ya Google ndani yake, na chumba kidogo cha usaili kina kidude cha Miracast kilichochomekwa nyuma. Vilinunuliwa kwa bajeti tofauti na watu tofauti. iPhone haijui Miracast. Android nyingine zinaijua, nyingine zinajua njia ya Google peke yake. Windows inaijua Miracast, lakini kurusha kwenye TV za Google inapitia kivinjari cha Chrome. Hapo ukawa umeelewa kwa nini mtu huyohuyo hufaulu chumba cha usaili na kushindwa vyumba vingine, akaamini ana mkosi.

Siku hiyo pia niliona jambo dogo lililoeleza malalamiko ya "TV inachelewa". Kidude cha Miracast kilikuwa kinapata umeme kutoka tundu la USB la TV. TV ikizimwa, nacho kinazimika. Kila mkutano unapoanza kinaamka upya, na watu wanakikodolea macho. Kukipa adapta yake ya ukutani kulichukua dakika tano.

Tukaanza na kebo. Vipokezi vyote, yaani TV na visanduku vinavyopokea picha, vyenye tundu la mtandao vilivutiwa waya wa mtandao wa aina ya Cat6 kutoka kabati la swichi la ghorofa yake, tukihakikisha hakuna mvuto unaopita mita 90 ndani ya ukuta na dari. Watu waliuliza: si tunataka bila waya? Asiyetaka waya ni mtu anayeingia na laptopu. TV haihami, ipe waya. Hesabu yake ni hii. Tulikadiria picha ya kawaida ya mkutano kuwa megabiti kama 10 kwa sekunde. TV ikiwa nayo iko kwenye waifai, picha inapita hewani mara mbili, kutoka laptopu kwenda kwenye kisambazaji cha waifai, kisha kutoka kwenye kisambazaji kwenda kwenye TV. Vyumba sita vikiwa na kazi, umeitoza hewa megabiti 120. TV ikiwa kwenye kebo unaitoza 60. Hakuna kifaa cha bei kinachokupa nafuu hiyo.

Hewa yenyewe ilihitaji kupangwa upya. Visambazaji vilikuwa korido, vikipiga kelele kwa nguvu zote, chaneli zao, yaani vipande vya masafa wanavyotumia, zimetanuliwa hadi megahezi 80. Kuta za vyumba ni vioo na jipsamu, hazizuii kitu. Chumba cha kwanza kilikuwa kinamsikia jirani yake wa chumba cha tatu vizuri kabisa, na vifaa vinavyosikilizana kwenye chaneli moja hungojeana zamu. Tulivihamishia viwili ndani ya vyumba vikubwa, tukapunguza nguvu, tukazima kasi za megabiti 1 na 2, na tukarudi kwenye upana wa megahezi 20. Picha ya mkutano haihitaji barabara ya njia nane. Inahitaji njia moja isiyo na foleni.

Kwenye kumbukumbu za kisambazaji cha chumba cha bodi nilikuta maandishi ya "rada imesikika", mara tatu katika wiki moja. Kilikuwa chaneli ya 100. Chaneli za gigahezi 5 kuanzia 52 hadi 144 waifai inazitumia kwa sharti la kuzipisha rada. Kisambazaji kikisikia kitu chenye sura ya rada, lazima kiondoke papo hapo, kisirudi kwa dakika 30, na kikienda chaneli nyingine ya kundi hilo kisikilize kwanza kwa angalau sekunde 60 bila kusema neno. Iwe rada kweli au mawimbi mengine yaliyofanana nayo, kifaa hakina ruhusa ya kubisha. Kwa mtu anayesoma barua pepe, dakika moja hiyo hupita bila kuonekana. Kwa mtu aliyesimama mbele ya bodi anaeleza mizania, ni picha iliyoganda na jasho. Vyumba vya mikutano tukavipa chaneli zisizo na sharti hilo: 36, 40, 44, 48, na kundi la 149 hadi 161. Kisambazaji lazima kiwekewe nchi yake sahihi, na kwa hapa kwetu masuala ya masafa mwenye kauli ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Usikubali kifaa kilichoagizwa nje kiendelee kujidhani kiko Marekani.

Ndipo tukaja kwenye wito. TV zilipewa VLAN yao peke yake, mbali na printa na kamera. Kati ya VLAN hiyo na ile ya wafanyakazi tukawasha geti la mDNS. Kazi yake ni kusimama mlangoni: ikisikia "nani ni TV?" upande huu, inapeleka swali upande wa pili na kurudi na jibu. Mfumo wa visambazaji wa ofisi hii tayari ulikuwa nalo, limezimwa. Ofisi isiyo na mfumo kama huo inaweza kutumia programu ya Avahi kwenye kompyuta ndogo ya Linux, ila ikiwashiwa kazi hiyo hurudia kila inachosikia, hivyo ichujwe. Tuliruhusu majina ya huduma za AirPlay na Google Cast (njia ya Chromecast) yapite, mengine yote yabaki kwao.

Usiku ule wa kwanza orodha ikajaa majina. Kijana wa TEHAMA alipiga makofi. Nikabonyeza chumba cha tatu: duara likazunguka, likazunguka, likakata tamaa. Tulikuwa tumepeleka sauti, hatukufungua mlango. Geti la mDNS linaleta anwani tu. Picha inaingia kwa poti zake, na faiawoli ilikuwa inazikataa. Kwa Google tukafungua TCP 8009 na poti za UDP zinazobeba picha. Kwa AirPlay, TCP 7000 na wenzake.

Miracast ndiyo iliyotulaza pale. Kwa asili yake haipiti kwenye mtandao wa ofisi. Laptopu na kidude huunganishwa moja kwa moja hewani. Redio moja ya laptopu inabidi itumikie mabwana wawili, mtandao wa ofisi na kidude, na vikiwa chaneli tofauti inarukaruka kati yao. Picha inakwaruza, na simu ya video inakatika. Tangu toleo la 1703 la Windows 10, mwaka 2017, kuna njia ya kuipitisha kwenye mtandao wa kawaida, basi tukakiondoa kidude na kuweka kipokezi chenye tundu la kebo kinachoijua njia hiyo. Laptopu inagonga poti 7250 ya kipokezi, hiyo tuliifungua. Bado kiza. Saa tano usiku nikiwa nasoma kumbukumbu za faiawoli nikaona mistari myekundu inayotoka upande nisioutegemea: kipokezi ndicho kilikuwa kinaipigia laptopu, poti 7236, na kukataliwa. Kwenye Miracast laptopu hubisha hodi, halafu inarudi kukaa na kungoja skrini imfuate. Sheria yetu ya "skrini zisianzishe mazungumzo na wafanyakazi" ilikuwa sheria nzuri, ikakosa kuacha tundu hilo moja. Tukaacha tundu, kwa kipokezi hicho tu, na kwenye faiawoli ya Windows za laptopu vilevile. Picha ikaja.

Siku ya nne ya majaribio lilitokea jambo ambalo kwangu ni zito kuliko kikao cha bodi kilichoharibika. Mtu wa rasilimali watu alikuwa chumba cha pili na jedwali la mishahara. Alibonyeza jina lisilo lake, na jedwali likafunguka kwenye TV ya chumba cha nne, palipokuwa na wageni. Alilizima haraka, lakini alitoka anatetemeka. Kosa halikuwa lake. Tulikuwa tumemwonyesha skrini sita, nyingi zenye majina ya kiwandani yaliyoishia na tarakimu, zinafanana kama mapacha. Mtandao ule wa zamani usioonyesha kitu angalau haukumdhuru mtu.

Tuliyabadilisha majina jioni ileile. Vyumba tayari vilikuwa na majina ya mito milangoni: Rufiji, Ruvuma, Pangani na wenzake. Kila skrini ikabeba jina la mlango wake. Kisha tukalibana geti la mDNS kwa mahali: aliyeunganishwa na kisambazaji cha upande wa Ruvuma anaonyeshwa skrini za upande huo, si za jengo zima. Kwenye Apple TV ya bodi tukaweka sharti la namba inayotokea kwenye kioo, ili anayerusha awe amekaa mahali anapokiona kioo chenyewe. Vyumba vyenye kazi za siri, usaili na rasilimali watu, niliomba viwe na kebo ya HDMI, inayotoka laptopu moja kwa moja hadi TV, kama njia ya kwanza, na uongozi ukakubali.

Wageni tuliwafungulia njia ya chumba cha bodi peke yake: kutoka waifai ya wageni hadi ile Apple TV moja, basi. Mgeni hamwoni mgeni mwenzake, haoni printa, haoni vyumba vingine. Mwenye kifaa kisichokubali anapewa kebo, na haombwi radhi mara tatu kama zamani.

Umeme nao ulipimwa. Tulizima swichi kuu ya umeme ya ghorofa makusudi, tukairudisha, tukahesabu. Swichi za mtandao na visambazaji viko kwenye UPS, betri ya akiba, havikutikisika. TV mbili zilirudi na anwani nyingine, sheria za faiawoli zikazikosa. Kila skrini sasa imetengewa anwani yake ya kudumu, na nyuma ya kila TV pamebandikwa karatasi iliyofunikwa nailoni: jina la chumba, anwani, namba ya poti kwenye swichi, tarehe.

Kimebaki kitu kimoja. Chumba cha Pangani kinapakana na wapangaji wa ofisi nyingine, na kisambazaji chao kiko upande wa pili wa jipsamu, kwa nguvu zote, chaneli 36 iliyotanuliwa hadi inameza 48. Nimeshaongea na fundi wao, naye ni muungwana. Tumekubaliana wao wabaki chini, sisi tukae 149 kwenda juu upande ule. Ameahidi kupunguza nguvu mwisho wa mwezi, ofisi yao ikifunga hesabu.

Kikao cha bodi kilichofuata sikuwepo chumbani. Nilikaa korido na laptopu, nikisoma kumbukumbu. Saa nne na dakika mbili wito ukapita getini, jibu likarudi, na poti 7000 ikafunguka. Yule mama alitoka, akafunga mlango taratibu, akarudisha adapta ya HDMI kwenye droo yake, ile aliyoifunga kamba ya bluu ili isipotee. "Nitaendelea kuitunza mwanangu," alisema. Nikamwambia aitunze.